Deni la Kweli na Deni la Uongo: Hatia na Aibu kwa Mraibu wa Pombe na Mgonjwa wa Sonona

Ni saa kumi na moja alfajiri, Macalder, Nyatike, kaunti ya Migori. Mashine za kusaga mawe ya dhahabu bado hazijaanza kunguruma. Mwanamume mmoja amelala chali juu ya godoro, macho yakitazama mabati. Mdomo umemkauka, vidole vinamtetemeka, moyo unamdunda kama wa mtu aliyekimbizwa. Si kiu iliyomwamsha, ni hesabu. Jana aliuza dhahabu ya wiki nzima. Pesa zile zilikuwa na kazi yake, karo ya mtoto, na alipozitia mfukoni alilijua hilo. Anakumbuka glasi ya kwanza kwa mama pima, muuza pombe ya chang'aa, anakumbuka ya tatu, baada ya hapo ni giza. Anafungua simu: salio hakuna, na mkopo wa Fuliza unadai. Ng'ambo ya pazia mkewe anapuliza moto bila kutamka neno. Laiti angegomba! Ukimya ule unamchoma kuliko tusi.

Kabla jua halijachomoza anatoka kwa mlango wa nyuma ili asikutane na jirani, na kushika njia ile ile aliyorudi nayo usiku. Anakwenda kutoa loki, yaani kunywa glasi ya asubuhi ya kutuliza tetemeko la jana.

Watakaomwona huko saa moja asubuhi watasema, "Yule hana haya." Mimi nasema haya imemjaa mpaka imemfurika. Wengi wanaokunywa asubuhi wanaikimbia aibu ya usiku, na usiku watakunywa tena kuikimbia aibu ya asubuhi. Tusipolielewa jambo hili, kila dawa tunayompa, yaani matusi, kumnyima chakula, kumtaja kwa jina kanisani, kumwitia chifu, itamfikisha kwa mama pima mapema zaidi.

Makala haya ni ya mtu huyo na ya wanaoishi naye. Ni ya mwingine pia, ambaye pengine hajawahi kuonja pombe, lakini kila usiku anaketi kizimbani mwa nafsi yake akijibu mashtaka ambayo hakuna aliyemfungulia. Huyo anaugua sonona, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita dipresheni.

Haya, aibu na hatia

Kiswahili kimetupa maneno tofauti kwa mambo haya, na ni vizuri tukayatumia kila moja mahali pake. Haya ni mlinzi: inakaa mbele ya tendo na kukuzuia. Hatia inakuja baada ya tendo, nayo ina mipaka: kuna kilichofanyika, kuna aliyeumia, kuna njia ya kulipa. Aibu haina mipaka. Haikuulizi ulifanya nini, inakuambia wewe ni nani. Waluo wa Nyatike na Karachuonyo wanaiita wich kuot, na ukiyachukua maneno hayo moja moja ni kichwa kilichovimba. Nimewahi kufikiri kwamba hakuna lugha iliyoieleza vizuri zaidi. Kichwa kilichovimba ni kizito, hakiinuki, na mwenye nacho hataki kuonekana.

Hatia husema, "Nimefanya vibaya." Aibu husema, "Mimi ni mbaya." Mwenye hatia hutafuta aliyemkosea, na mwenye aibu hutafuta pa kujificha. Pombe ni maficho yaliyo karibu kuliko yote.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwanasaikolojia wa Marekani, June Tangney, ametumia miaka mingi kutofautisha hatia na aibu. Katika utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 2014 kuhusu wafungwa, waliokuwa wepesi wa kuhisi hatia kwa matendo yao walielekea kutorudia uhalifu walipotoka gerezani. Aibu haikuwa na msaada huo, na pale ilipomfanya mtu awatupie wengine lawama, ilimrudisha kwenye makosa. Kanada nako, mwaka 2013, Jessica Tracy na Daniel Randles waliwarekodi kwa kamera watu waliokuwa wameacha pombe kwa muda mfupi, wakawaomba wasimulie siku ya mwisho waliyokunywa na kujisikia vibaya. Hawakuangalia maneno tu, waliangalia mwili: mabega yanayoporomoka, kifua kinachosinyaa. Waliosinyaa zaidi ndio waliorudia pombe zaidi miezi iliyofuata, na kati ya waliorudia, waliosinyaa zaidi walikunywa nyingi zaidi. Mwili ulisema yale ambayo mdomo haukusema.

Kwa hiyo yule baba anayesema, "Niacheni nimwaibishe mbele ya watu, atakoma," anafanya kazi ambayo chang'aa ingemlipa mshahara. Vivyo hivyo kijana anayemrekodi mlevi aliyeanguka mtaroni na kuituma video kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji. Ukiipokea video hiyo, ifute, kisha umpigie simu aliyeituma umwambie umeifuta na kwa nini.

Daftari la duka

Ninapolieleza jambo hili kwa watu huwa natumia daftari la madeni, lile linaloning'inia kwa kamba katika vibanda vya Macalder, Sori na Muhuru. Kila mstari una jina, tarehe, kilichochukuliwa na kiasi. Ukilipa, mwenye duka anapiga mstari juu ya deni, mnasalimiana, yamekwisha. Hatia ya kweli ni deni la namna hiyo. Inauma, lakini inahesabika.

Aibu ni kuandikwa jina bila kiasi. Utalipaje? Hata ukileta mfuko mzima wa pesa, hakuna mstari wa kufuta.

Sonona nayo ni mwenye duka aliyepotewa na hesabu, anayekuandikia vitu ambavyo hukuchukua. Kazi yetu ya kwanza, kwa mraibu na kwa mgonjwa, ni kulishika daftari hilo na kulisoma kwa sauti mbele ya mtu tunayemwamini: deni hili ni la kweli, hili si langu, na hili limeandikwa mara tatu.

Mwenye sonona: madeni ambayo hakuyachukua

Tuanze naye, kwa sababu ndiye anayeonekana kwa nadra. Hapigi kelele barabarani. Mara nyingi ni mama anayeenda mtoni, anarudi, anapika, na hakuna anayejua kwamba kila kitendo kimemgharimu nguvu za siku nzima.

Wahudumu wa afya wana maswali tisa mafupi ya kupimia sonona. Yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kama umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, kama una huzuni isiyoondoka, kama usingizi umeharibika, kama umechoka, kama chakula kinakushinda au unakula kupita kiasi, kama huwezi kutulia kwenye jambo moja, kama mwenendo wako umekuwa wa polepole au wa mahangaiko, kama umewaza kwamba afadhali ufe. Na katikati yao kuna swali la makala haya: je, umejisikia vibaya juu yako mwenyewe, kwamba umeshindwa, au umeiangusha familia yako? Maana yake ni kwamba kujilaumu kupita kiasi si tabia ya mtu mwema mno wala si uchache wa imani. Ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili ya malaria.

Na ugonjwa huu huchagua mahali penye kidonda. Katika ardhi hii vidonda viko vingi. Macalder ilianza kuchimbwa rasmi enzi za ukoloni, shaba na dhahabu, na kampuni ilipofunga mgodi mwaka 1966 watu walibaki na mashimo. Tangu hapo wenyeji na wageni wanachimba kwa mikono, na shimo likiporomoka kuna anayetoka na kuna asiyetoka. Aliyetoka anaweza kuishi miaka akijiuliza kwa nini alipanda juu kunywa maji dakika ile ile. Mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria anajiambia kwamba angembeba mtoto usiku ule ule badala ya kungoja asubuhi. Mjane aliyekataa kurithiwa anasikia minong'ono kwamba maradhi ya wanawe yametokana na kiburi chake. Mwanamke aliyelazimika kumpa mvuvi mwili ili apate omena wa kuuza, ile biashara ya jaboya inayojulikana fukwe zote za ziwa, anaibeba peke yake aibu ambayo ingepaswa kugawanywa na mwenye mashua.

Katika habari kama hizo, mara nyingi mtu amejihukumu kwa elimu aliyoipata baada ya tukio. Usiku ule hakuna aliyemwambia yule mama kwamba asubuhi itakuwa imechelewa.

Ukiishi na mtu kama huyo, usishindane naye. Ukimwambia, "Acha kufikiria hayo," atakubali kwa kichwa na kuongeza kosa jingine: kwamba ameshindwa hata kuacha kufikiria. Ukimpinga kwa hoja, ugonjwa utaleta hoja nyingine. Mwambie maneno mafupi: "Nasikia unavyojilaumu. Mimi sivyo ninavyoona. Hilo tuliweke hapa, kesho twende wote hospitalini." Kisha kesho hiyo uende naye kweli, kwa sababu mwenye sonona hana nguvu ya kupanga safari.

Hapa lazima nilitaje jambo ambalo wenyeji wanalijua. Mtu akikonda, akakosa usingizi, akajitenga, wazee huuliza kama kuna kwer, yaani mwiko, uliovunjwa, na jibu likiwa chira, yaani maradhi ya kuvunja mwiko, hutafutwa manyasi, dawa ya mitishamba ya kuiondoa. Siwezi kumdharau mtu anayetafuta amani na ukoo wake. Familia ikitaka kuketi, kusemezana na kusameheana, iketi, kwani hilo nalo lina uponyaji. Lakini jamii hii inakumbuka kilichotokea miaka ya 1980 na 1990, wakati UKIMWI ulipoitwa chira na watu wakafia majumbani wakijilaumu kwa miiko. Tusilipe gharama hiyo mara ya pili. Mtu anayekonda na kujilaumu apimwe hospitalini, hata kama wazee wamekwisha keti.

Tiba ipo na si ya ajabu. Dawa za sonona, kama vile fluoxetine na amitriptyline, huchukua wiki kadhaa kabla hazijafanya kazi sawasawa, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifai. Hazimfanyi mtu kuwa mraibu. Zinatumiwa kwa miezi, na kuziacha kunafanywa taratibu kwa ushauri wa daktari. Pamoja na dawa, au pengine bila dawa kama ugonjwa si mkali, yako mazungumzo ya tiba. Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba walioketi kwenye benchi hilo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi aliyefunzwa, benchi, na mtu anayesikiliza bila kuhukumu. Vitu hivyo Nyatike havijakosekana.

Mraibu wa pombe: madeni ya kweli na ya uongo yaliyochanganyika

Kwa mraibu kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu sehemu ya daftari lake ni kweli tupu. Karo imeliwa. Mke alipigwa. Mtoto aliahidiwa viatu mara nne. Ukimwambia, "Wewe huna kosa, ni ugonjwa tu," atajua unamdanganya. Ukimwambia, "Ni makosa yako yote," unamdanganya pia. Uraibu ni ugonjwa wa ubongo unaomnyang'anya mtu uwezo wa kusimama baada ya glasi ya kwanza, na yeye ndiye anayewajibika kutafuta matibabu. Hayo mawili yanakaa pamoja.

Aelezwe kwanza kuhusu alfajiri. Pombe hupoza ubongo. Ubongo wa anayekunywa kila siku huzoea kujichochea ili usizimwe. Usiku pombe inapopungua mwilini, uchochezi ule unabaki peke yake, na matokeo yake ni jasho, tetemeko, moyo kudunda na hofu isiyo na jina. Sehemu kubwa ya ile hukumu ya saa kumi na moja, basi, si dhamiri inayosema, ni mwili unaodai pombe. Ndiyo maana kutoa loki kunaituliza kwa saa moja, na ndiyo maana inarudi kali zaidi. Maamuzi makubwa juu ya maisha yasifanywe saa hiyo. Mtu anywe maji, ale uji, angoje kupambazuke, atafute mtu wa kuwa naye.

Kisha aelezwe jambo ambalo linaweza kuokoa maisha yake: anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Tetemeko huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu na watu wasiokuwapo, wakapandwa na homa, na bila matibabu hali hiyo huua. Familia nyingi kwa nia njema humfungia mlevi chumbani "mpaka imtoke". Usifanye hivyo. Mpeleke hospitalini na useme wazi anakunywa nini, kiasi gani, na alikunywa lini mara ya mwisho. Huko atapewa dawa ya kuzuia degedege na vitamini B1, na baada ya siku chache atakuwa mtu mwingine. Hali kadhalika, aliyekunywa kisha akaanza kuona ukungu akimbizwe hospitalini saa hiyo hiyo, maana huenda pombe ilichanganywa na methanoli. Watu wamekufa kwa kuona haya kusema walikunywa wapi.

Mwili ukishatulia, lifunguliwe daftari. Nashauri iwe karatasi, si kichwani. Aandike majina ya aliowaumiza na jambo lenyewe, si maneno ya jumla. "Nimeharibu familia" haliwezi kulipwa. "Nilichukua pesa ya karo ya muhula wa pili" linaweza. Aketi na mshauri au rafiki aliyeacha pombe muda mrefu, wapitie mstari kwa mstari, na wafute yale yasiyo yake. Chama cha walevi wanaopona kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, ambacho kina vikundi hata hapa Kenya, kimeliweka jambo hili ndani ya hatua zake kumi na mbili: tengeneza orodha ya uliowadhuru, uwalipe moja kwa moja inapowezekana, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine.

Sharti hilo la mwisho wengi hulisahau. Kuna msamaha unaoombwa ili muombaji apumue, huku anayeombwa akiachiwa mzigo mpya. Msamaha wa saa nane usiku, mtu akilia mlangoni ananuka chang'aa, ni wa namna hiyo. Mke ameusikia mara ishirini. Subiri uwe umekaa bila pombe kwa wiki kadhaa, kisha useme maneno machache: nilifanya hivi, ilikuumiza hivi, nitalipa hivi. Usiape kwamba hutarudia kamwe. Lete shilingi mia mbili za karo kila Ijumaa, kwa mkono wako au kwa M-Pesa moja kwa moja shuleni, na uiache Ijumaa izungumze. Na mke asipokuwa tayari kusamehe, hana deni kwako. Aliyepigwa ana haki ya kuondoka na kukaa salama, na kupona kwako hakumlazimishi kurudi.

Akiteleza je? Wengi huteleza. Hatari ya kuteleza haimo katika glasi moja, imo katika sauti inayofuata: "Si nilijua mimi ni bure? Basi nimalize chupa." Hiyo ndiyo aibu, na ndiyo inayogeuza jioni moja kuwa miezi sita. Ampigie mtu simu usiku huo huo, kabla ya kulala, aseme, "Nimekunywa." Anayepokea simu ajibu, "Asante kwa kuniambia. Uko wapi? Umekula?" Maswali mengine yangoje kesho.

Mtu anaweza kuwa na yote mawili, sonona na uraibu, na moja humlisha mwenzake. Pombe yenyewe huleta sonona. Kwa wengi huzuni hupungua wiki tatu au nne baada ya kuacha kunywa, na isipopungua, hiyo inatibiwa kama ugonjwa unaojitegemea. Kuna ushahidi wa nyumbani pia. Eldoret, Dakta Rebecca Papas na wenzake waliwafunza watu wasio madaktari kuendesha vikao vya kubadili mawazo na mazoea kwa wanywaji wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa lugha wanayoielewa, na unywaji ukapungua. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011, na ya utafiti mkubwa zaidi mwaka 2021.

Kwa wanaotumia ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo, nina neno mahsusi, kwa kuwa uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliikuta Homa Bay na maambukizi ya asilimia 19.6 na Migori asilimia 13.0. Wengi wameambiwa pombe na ARV havichanganyiki, kwa hiyo wakinywa wanaruka dawa, na wakiruka wanaona aibu kurudi kliniki. Usiruke dawa. Hata ukinywa, meza ARV zako kwa wakati, na tarehe ya kliniki ikifika nenda, hata kama unanuka.

Na mama pima naye nisimpite. Sheria ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa yenye leseni na iliyofungwa chupani, si ile ya pipa kando ya mto, kwa hiyo yeye anaishi akimkwepa askari. Mara nyingi ni mjane anayesomesha. Anajua wateja wake kwa majina na anajua nani atakayezikwa mwaka huu. Wengine huanza kuonja ili wasahau wanachokiuza. Mwanamke anayekunywa hubeba aibu mara mbili ya mwanamume, na hivyo huficha mara mbili. Chama kinachoweza kumkopesha mtaji wa kuuza omena au mboga kitakuwa kimetibu watu wawili kwa mkopo mmoja.

Kwa kanisa na ukoo

Makanisa mengi ya pande hizi yanakataza pombe kabisa, Waadventista wakiwa wa mbele tangu wamisionari wao walipofungua kituo Gendia mwaka 1906. Mafundisho hayo yamewakinga maelfu. Lakini mwenye kuanguka huacha kuja kanisani kwa sababu anajua macho yatakavyomgeukia, na ndipo anapobaki na marafiki wa glasi peke yao. Mchungaji anayetaka kusaidia amtembelee nyumbani Jumanne, si Sabato mbele ya watu. Aombe naye, kisha ampeleke hospitalini.

Ndugu naye ana lake. Chukua kiti, ketini nje chini ya mti, useme naye kama ndugu: "Omera, leo sikuja kukugombeza. Nimekuja tukae." Mkae kweli. Ongea juu ya mvua, mahindi, mechi ya Gor Mahia. Kichwa chake kitainuka taratibu, na pengine siku ya tatu atasema mwenyewe. Ukiwa na hasira, na una haki ya kuwa nayo, subiri ipoe ndipo uende.

Na ukisikia maneno kama "nimewachosha," au "mtakaa vizuri bila mimi," usiyapuuze. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa ruhusa ya kupumua. Usimwache peke yake. Dawa za shambani na za mifugo zipelekwe kwa jirani zifungiwe. Wengi walikuwa wanaogopa kusema kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyejaribu kujiua ni mgonjwa. Peleka hospitali, si kituo cha polisi.

Pa kuanzia

Anzia kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, yule anayepita nyumba kwa nyumba, au nenda moja kwa moja Hospitali ya Macalder. Sema, "Nataka kuacha pombe," au "Siku hizi najiona sifai na silali." Maneno hayo yanatosha. Wakiona haja watakuandikia rufaa hadi hospitali ya kaunti mjini Migori, na walio upande wa pili wa mpaka wa kaunti wataanzia hospitali ya Homa Bay.

Hospitali hiyo ya Homa Bay ina historia ambayo watu wa huku wanastahili kujivunia. Mwaka 2001, wakati mtu mwenye UKIMWI alikuwa anatengewa kikombe chake jikoni, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa ARV za bure pale, kabla hospitali nyingi za umma nchini hazijathubutu. Dawa peke yake haikutosha. Walihitajika watu wa kusimama mbele ya wenzao chini ya mwembe na kusema, "Mimi ninao, na niko hai." Walisimama. Wengi wao wangali hai na wanajua jinsi kichwa kilichovimba kinavyoinuka. Vikundi kama vyao bado vipo. Na vifungue milango kwa wenye sonona na wenye kiu isiyoisha.

Kwa sasa, kama wewe ndiye uliyelala ukitazama mabati, au ndiye unayepuliza moto ng'ambo ya pazia, chukua simu. Namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Zote mbili ni za bure, na hutaulizwa ulikunywa pesa za nani. Piga kabla hujatoka kwa mlango wa nyuma.